Barua ya wazi kwa wasimamizi wa soko la hisa: swali la hesabu si kosa la jinai

Isevya, Tabora

Kwa Afisa Mtendaji Mkuu, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana
Kwa Afisa Mtendaji Mkuu, Soko la Hisa la Dar es Salaam

Ndugu wakuu,

YAH: BARUA YA WAKILI ILIYOWANYAMAZISHA WANAHISA MIA MBILI

Salaam kutoka Tabora. Ningeweza kuwaandikia kimyakimya, kwa bahasha na stempu, lakini jambo lenyewe limetokea mbele za watu, na waliotishwa wanapaswa kuona kwamba mtu alithubutu kulisema.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanahisa wadogo. Neno "wadogo" silitumii kwa unyenyekevu. Mwenye hisa nyingi kuliko sisi wote ni mama mmoja muuza vitenge, na gawio lake la mwaka halifikii ada ya muhula mmoja wa mtoto anayesoma sekondari ya binafsi. Tulianza mwaka 2017, Vodacom ilipouza hisa zake kwa shilingi 850 kila moja, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye foleni ya tawi la benki, hakuna hata mmoja aliyejua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa, ni mnyama gani, tukapeana namba za simu ili atakayeelewa kwanza awaeleze wenzake. Ndivyo lilivyozaliwa grupu letu la WhatsApp. Baadaye bei ilishuka chini ya ile 850 na kukaa huko muda mrefu, nasi tukajifunza kwa uchungu kwamba hisa si kibubu. Hata hivyo watu hawakukimbia. Waliongezeka. Leo tuko mia mbili na kidogo, wa Tabora mjini, Urambo, Sikonge, Nzega, na mmoja aliyehamia Kigoma kufanya biashara ya dagaa ambaye hutuandikia usiku wa manane akiwa anasubiri boti.

Tunachofanya humo si kikubwa. Mtu akiona taarifa ya fedha ya kampuni gazetini, anaipiga picha na kuiweka. Anayejua Kiingereza cha hesabu anaifasiri. Wengine wanauliza, wengine wanabisha, wengine wanaleta porojo. Kuna mzee mmoja kila asubuhi hutuma "Mwangaluka" na picha ya maua, basi, hajawahi kuuliza chochote kuhusu hisa tangu ajiunge.

Sasa nije kwenye kisa. Kampuni sitaitaja, na si mojawapo ya zile zenye majina katika barua hii. Dada mmoja ambaye kazi yake ni kutunza vitabu vya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, alisoma hesabu za kampuni hiyo kwa jicho lake la vitabu. Akaandika maswali matatu. Mbona hesabu zilizokaguliwa zimechelewa? Mbona mkaguzi wa nje amebadilishwa mara mbili ndani ya miaka mitatu? Na la tatu, ambalo mimi nililisoma mara nne kabla sijalielewa: mbona fedha ambazo kampuni inawadai wateja wake zimeongezeka kwa kasi kuliko mauzo yenyewe, na wadaiwa hao ni akina nani?

Kwa asiyezoea vitabu nitalieleza jinsi alivyotueleza yeye. Ukiwa na duka, ukauza kwa mkopo, daftari linaandika mauzo ingawa sanduku halina kitu. Mwaka wa kwanza deni likikua, sawa, biashara inapanuka. Mwaka wa pili deni likikua kuliko mauzo, mwenye duka ama anawakopesha watu wasiolipa, ama anaandika wateja wasiokuwepo. Hakusema ni lipi kati ya hayo mawili. Aliuliza.

Chini yake kijana mmoja akaandika, "Hawa wanatupiga." Maneno mawili tu. Nakiri ni makali, na kama admini ningeweza kumwonya. Sikumwonya, kwa sababu nilikuwa nakula.

Siku ya nne, saa mbili usiku, ikaingia barua ya wakili kwenye simu yangu. Kurasa tatu za Kiingereza. Inataka maneno yote yafutwe, tuombe radhi kwa maandishi, tulipe fidia, na mimi nitoe jina kamili na mahali anapoishi yule dada. Inataja kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kile cha taarifa za uongo, chenye faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Hisa zote za dada huyo katika kampuni hiyo hazifiki shilingi laki nne. Niliiweka barua kwenye grupu kwa sababu niliona wana haki ya kujua. Kabla ya saa nne usiku nilikuwa nimesoma "ametoka" mara sitini: ametoka, ametoka, ametoka, kama kengele ya msiba.

Barua hiyo ilibeba picha za skrini za mazungumzo yetu. Hakuna mahali ndani yake ambapo swali hata moja kati ya yale matatu limejibiwa. Kama ni uongo kwamba hesabu zimechelewa, si wangeziambatisha?

Picha hizo ndizo zilizonikosesha usingizi. Zilipigwa kutoka ndani. Maana yake tumekaa na mtu wa kampuni miezi mingapi sijui, akituchekea na kututumia vibonzo, nasi tukimwita ndugu. Nilipotafuta kama jambo hili limewahi kutokea kwingine, nikakuta lina historia ndefu. Huko Marekani, John Mackey, bosi wa kampuni ya maduka ya vyakula ya Whole Foods, aliandika kwa takriban miaka minane kwenye ubao wa mijadala ya wanahisa katika mtandao wa Yahoo akijiita Rahodeb. Alikuwa akiisifu kampuni yake na kuiponda Wild Oats, mshindani wake, ambayo baadaye Whole Foods iliamua kuinunua. Mambo yalifichuka mwaka 2007. Kwa hiyo kampuni zinapolalamika kwamba vijiweni mwa wanahisa kuna watu wasiojulikana wanaopotosha, zinasema kweli. Ila wakati mwingine ni wao wenyewe.

Ndugu wakuu, huku kwetu kubishana juu ya thamani ya kitu ni sehemu ya soko. Njooni msimu wa masoko ya tumbaku mkaone. Mkulima ameamka alfajiri miezi kadhaa, amekesha kwenye bani la kukaushia majani akichochea kuni, leo belo lake liko mbele ya mteuzi. Mteuzi anachomoa majani, anayanusa, anayainua kwenye mwanga, anataja gredi. Gredi moja chini, na ada ya mtoto imeondoka. Mkulima asiporidhika anasema papo hapo, mbele ya mnunuzi, mbele ya mwenyekiti wa chama cha msingi, mbele ya wakulima wenzake waliosimama foleni. Belo linatazamwa tena. Nimewahi kusikia kwa masikio yangu mteuzi akiitwa mwizi, na jioni nikamkuta kibandani akinywa soda na huyo huyo aliyemwita mwizi. Hakuna aliyetafuta wakili. Jibu la mteuzi lilikuwa kufungua belo na kuonyesha majani ya katikati.

Dada yetu aliomba kuona majani ya katikati. Hilo tu.

Najua mtasema tumbaku inashikika na kampuni haishikiki, na kwamba neno moja la ovyo laweza kuangusha bei na kuwaumiza wanahisa wengine, wakiwemo mifuko ya pensheni ya walimu na manesi. Ni kweli, na nitafika huko, maana mimi mwenyewe mikono yangu si safi. Ila kwanza nisimulie habari ya Wirecard, kwa sababu wasimamizi waliokosea humo walikuwa na cheo kama chenu.

Wirecard ilikuwa kampuni ya Ujerumani ya kupitisha malipo, makao yake nje kidogo ya München. Septemba 2018 iliingizwa kwenye orodha ya kampuni 30 kubwa za soko la hisa la huko, ikiichukulia nafasi benki ya Commerzbank. Wajerumani waliona fahari: nao sasa wana kampuni yao ya teknolojia. Lakini kwa miaka kulikuwa na watu walionung'unika kwamba hesabu zake hazikai sawa. Mwishoni mwa Januari 2019 gazeti la Financial Times la London, kupitia mwandishi Dan McCrum na wenzake, likaanza kutoa habari za nyaraka zenye mashaka katika ofisi ya Singapore. Bei ikaporomoka.

Msimamizi wa masoko wa Ujerumani, BaFin, alifanya nini? Februari 2019 alipiga marufuku kwa miezi miwili kuuza kwa kuazima hisa za Wirecard. (Kuuza kwa kuazima ni hivi: unaazima gunia la mpunga kwa jirani, unaliuza leo kwa bei ya leo, ukitumaini kwamba wakati wa kumrudishia bei itakuwa imeshuka, ununue kwa bei nafuu na ubakiwe na chenji. Anayefanya hivyo anaombea bei ishuke, kwa hiyo hapendwi.) Aprili mwaka huo BaFin ikaenda mbali zaidi: ikawashtaki kwa waendesha mashtaka waandishi wa gazeti hilo, ikidai wanashirikiana na wauzaji hao kuchezea soko. Msimamizi akawa ngao ya kampuni. Mwananchi wa kawaida wa Ujerumani, aliyekuwa na shaka, alipoona serikali inawaandama wanaouliza, akaona basi kampuni iko salama. Wengi wakaongeza hisa.

Juni 18, mwaka 2020, wakaguzi wa hesabu wa kampuni ya EY walikataa kutia saini hesabu. Euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwekwa kwenye benki mbili za Ufilipino hazikuonekana, na benki zenyewe zikasema Wirecard si mteja wao. Siku saba baadaye kampuni iliomba kutangazwa mufilisi. Hisa iliyokuwa juu ya euro 100 ilishuka chini ya euro 5 katika wiki hiyo moja na ushei. Mkuu wa kampuni, Markus Braun, alikamatwa. Mwenzake Jan Marsalek alitoroka. Septemba waendesha mashtaka waliufunga uchunguzi dhidi ya waandishi, na Januari 2021 ikatangazwa kwamba mkuu wa BaFin, Felix Hufeld, anaondoka.

Hamkuwa ninyi. Lakini nawaombeni msome kisa hicho kama mtu anayesoma ajali ya basi la njia yake mwenyewe.

Kina pia upande ambao wapenda wakosoaji hawapendi kuusimulia. Mwaka 2008, miaka mingi kabla, chama kimoja cha wanahisa wa Ujerumani kiliikosoa Wirecard hiyo hiyo, kisha ikagundulika kwamba baadhi ya wahusika walikuwa wameweka dau lao kwamba bei itashuka, na hawakusema. Wakaadhibiwa, na kwa haki. Ila adhabu hiyo ilizika pamoja nao swali ambalo lilistahili kujibiwa. Mkosoaji anaweza kuwa na tamaa na bado akawa ameona ufa ukutani. Ufa hupimwa kwa kuutazama ukuta.

Sasa mikono yangu. Mnakumbuka mvutano wa Saruji Tanga. Oktoba 2021 Scancem, kampuni tanzu ya wale wenye Saruji Twiga, ilitangaza nia ya kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga. Tume ya Ushindani ikaridhia, wapinzani wakakata rufaa, Septemba 2022 Baraza la Ushindani likaibatilisha ile ridhaa, kisha suala likarudi mezani upya. Katika kipindi kile mtu mwenye bando la shilingi elfu moja alikuwa na habari tano zinazopingana kabla ya chai ya saa nne. Mimi nilitumiwa sauti ya dakika mbili, ya mtu mwenye lafudhi ya kujiamini, akisema ana shemeji ndani na kwamba kila kitu kinasainiwa Jumatatu. Nikaisambaza. Sikuongeza neno langu, nikajidanganya kwamba kusambaza si kusema. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa ameweka akiba ya tairi na bima akanunua hisa kwa fedha zile. Jumatatu ilipita kama Jumatatu nyingine. Alipotaka kuuza apate tairi, hakupatikana mnunuzi kwa siku kadhaa. Mnajua wenyewe jinsi baadhi ya hisa zetu zinavyokaa bila kuguswa. Tairi nilimnunulia mimi. Hajanisamehe vizuri, na grupu alitoka.

Kwa hiyo siwaombi mwafumbie macho waongo. Uongo wa hisa unaua haraka kuliko kanusho linavyotembea. Agosti 25, mwaka 2000, kijana wa miaka 23 aitwaye Mark Jakob alitengeneza taarifa bandia kwamba bosi wa kampuni ya Emulex ya California amejiuzulu na hesabu zinarekebishwa. Shirika la habari ambako aliwahi kufanya kazi likaitoa bila kuhakiki, na hisa ikapoteza zaidi ya asilimia 60 ya thamani yake kwa dakika chache kabla biashara haijasimamishwa. Naye alikuwa ameuza kwa kuazima, akapata faida yake. Mwezi uliofuata msimamizi wa masoko wa Marekani alimalizana na Jonathan Lebed wa New Jersey, aliyekuwa na miaka 14 hadi 15 alipokuwa akinunua hisa ndogo zisizo na wanunuzi, akajaza mabao ya Yahoo kwa mamia ya ujumbe chini ya majina mengi akizipigia debe, watu wakazikimbilia, yeye akawauzia. Alirudisha dola 285,000. Mtoto wa sekondari! Na hapa kwetu hatuhitaji mfano wa mbali: waliopanda mbegu DECI, ule mchezo wa upatu, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 wapo mitaani Tabora mpaka leo, na baadhi yao ndio wanaoogopa hata kusikia neno "wekeza".

(Kuhusu GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya michezo ya video, ambayo Januari 2021 hisa yake ilitoka chini ya dola 20 hadi kugusa 483 ndani ya mwezi huo kwa nguvu za vijana wa mtandao wa Reddit, sitasema mengi. Vijana wetu wameisikia sana, na kila mwezi kuna mmoja anayeuliza ni hisa gani ya hapa tuifanye hivyo. Huwa namjibu: aanze kwanza kumtafuta wa kumuuzia.)

Tofauti kati ya Jakob na dada yetu haimo katika ukali wa maneno. Jakob alitunga jambo, akalipachika jina la kampuni isiyo yake, akasubiri mezani achukue faida. Dada alisoma karatasi iliyochapishwa na kampuni yenyewe, akaonyesha ukurasa, akauliza, na hisa zake hakuuza hata moja. Sheria yenu ya mwaka 1994 ya Masoko ya Mitaji na Dhamana tayari inaijua tofauti hii: inakataza biashara ya kughushi, kuchezea bei, kutumia siri za ndani, na kutoa kauli za kupotosha ili watu wanunue au wauze. Ni panga linalofaa kazi yake. Sheria ya mtandao ni kama kuchoma pori zima kumfukuza nyoka mmoja. Huku kwenye misitu ya miombo tunajua hasara ya moto wa namna hiyo, maana mizinga ya asali nayo huungua.

Ndiyo sababu ombi langu la kwanza ni kwamba lalamiko la kampuni iliyoorodheshwa dhidi ya maneno ya mwanahisa lipitie kwenu kabla halijaenda polisi au kuwa vitisho vya wakili. Ninyi mna uwezo wa kuiambia kampuni: leteni waraka unaoonyesha kwamba alichosema huyu si kweli. Ikileta, mchapisheni kanusho, na kama mtu alidanganya ili apate faida, mshughulikieni bila huruma. Isipoleta, basi mmepata habari muhimu kuliko lalamiko.

Na majibu yatoke kwa wote kwa wakati mmoja. Kanuni za kuorodheshwa zinaitaka kampuni itangaze taarifa zinazoweza kugusa bei, nashukuru. Ila sisi tunayaona matangazo hayo yakiwa ya Kiingereza, yameandikwa na mwanasheria kwa ajili ya mwanasheria. Ripoti ya mwisho niliyoipata ilikuwa na zaidi ya kurasa mia moja, na neno la Kiswahili pekee nililoliona lilikuwa jina la mtaa wa makao makuu. Hisa mmetuletea kiganjani, tunanunua kwa simu tukiwa shambani, hongera, kweli. Basi na maelezo yaje kiganjani, kwa lugha tunayogombania na kupatania. Uvumi wa Saruji Tanga ulisafiri kwa Kiswahili. Kanusho lingesafiri kwa lugha gani ili limkute yule kijana wa bodaboda?

Mkutano mkuu wa mwaka mtaniambia ndio mahali pa kuuliza. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Nauli ya kwenda na kurudi, na lala ya usiku mmoja, inakula gawio la miaka. Siku hizi wanafanya kwa mtandao, nami nilihudhuria mmoja: niliandika swali kwenye kisanduku, mwendeshaji akasoma mawili ya pongezi, akafunga kwa muda kwisha. Labda lililofuata lilikuwa langu. Ingekuwa vyema maswali yote yaliyoandikwa yachapishwe pamoja na majibu ndani ya siku kadhaa mtakazozipanga ninyi, likiwemo la kipuuzi.

La majina ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa nimtoe dada wa watu. Tulimwona Maxence Melo wa Jamii Forums, jukwaa la mijadala mtandaoni, akikamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakama ya Kisutu, akishtakiwa kuzuia upelelezi kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za waliokuwa wakiandika, baadhi yao kuhusu mambo ya kampuni za biashara. Yule ana mawakili na watu duniani kote wanamjua. Mimi nina kibanda cha kufanyia miamala na stika ya Manispaa.

Huko New Jersey mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilikutana na kesi inayofanana na yetu kama pacha. Kampuni ya Dendrite ilitaka Yahoo ilazimishwe kutaja mtu aliyeandika, bila jina, kwamba kampuni imebadili namna ya kuandika mapato yake vitabuni ili faida ionekane nono. Majaji wakasema: kwanza mwandishi ajulishwe ili ajitetee; kampuni itaje maneno yenyewe hasa inayoyalalamikia; ilete ushahidi wa awali kwamba imekosewa na imedhurika; kisha mahakama ipime uzito wa hayo dhidi ya haki ya mtu kusema bila kujulikana. Dendrite ilishindwa kuonyesha kwamba maneno yale yaliiletea madhara, na jina halikutolewa. Siwaambii muige Marekani kila kitu. Nasema hatua hizo hata baraza la wazee wa kijiji lingezikubali: mwite mtuhumiwa, sema alichosema, onyesha kidonda.

Kwa upande wetu sisi tunaosema, tuwekeeni sharti. Anayezungumzia hisa mbele ya watu aseme kama anayo, na kama ameuza wiki hii. Mtu wa kampuni akiingia kwenye kundi la wanahisa aingie kwa cheo chake; tutampa kiti na chai. Mimi nimeshaanza na langu: jina langu kwenye grupu sasa linafuatiwa na majina ya kampuni nne ninazomiliki hisa zake. Watu walicheka, wakasema nimejichora kama basi la mkoani. Wawili wamefuata.

Na njooni Tabora. Semina zenu nyingi za kuhamasisha watu wanunue zinafika. Za kueleza afanye nini aliyenunua akawa na swali, sijaiona. Ukumbi tutatafuta, viti vya kukodi tutalipa wenyewe. Mleteni mtu mmoja anayejua kusoma hesabu na mmoja anayejua sheria. Msiwalete wasanii.

Kuhusu ile barua ya wakili: sijajibu, jina sijatoa, na muda waliotupa umekwisha. Dada ananiambia nimtaje tu yaishe, kwamba yeye vitabu vyake viko wazi. Nimekataa mpaka nione kwanza vya kwao.

Grupu nimelifunga kwa sasa. Admini pekee ndiye anayeweza kuandika, na admini hana la kuandika. Nimeyaacha maneno yote palepale, sikufuta. Ukifungua, ujumbe wa mwisho unaohusu hisa ni lile swali la wadaiwa na "Hawa wanatupiga" chini yake. Nimemwomba dada abonyeze kwenye swali lake atazame limesomwa na nani. Tiki mbili za bluu. Wamelisoma wote, na mmoja wao ni yule aliyepiga picha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kikundi cha wanahisa wadogo
Isevya, Tabora